Stima Ilikuwa Gogo, Digrii Ilikuwa London

Wasee, tangu Gredi ya 10 ya kwanza iingie shule za senior Januari 2026, swali linalonijia sana kwa inbox si la muziki wala la mpira. Ni hili: "Nikitaka kuwa injinia wa stima, nahitaji nini?" Linatoka Awendo, linatoka Mbita, linatoka Oyugis, na kuna mmoja wa Sori ameniuliza mara tatu.

Jibu fupi liko. Kwa hawa wa 8-4-4 waliobaki, unahitaji wastani wa C+ au zaidi kwa KCSE, na C+ katika Hesabu, Fizikia, Kemia na somo moja zaidi. Halafu miaka 5 chuoni. Halafu Engineers Board of Kenya ikuandikishe, ndio uwe na haki ya kujiita injinia.

Sasa mbona naandika makala ndefu? Kwa sababu hayo ni masharti ya kwa karatasi. Nilitaka tu kujua hii habari ya digrii ya uhandisi ilianza vipi Kenya, nikajikuta nimefika Gogo Falls, miaka ya hamsini. Na maoni yangu baada ya kuchimba ni haya, unaweza kunipinga: karibu kila kizazi, sharti gumu la hii digrii limekuwa lile ambalo halikuandikwa kwa fomu. Waliolijua mapema walipita. Sisi wa huku kwa kawaida tumelijua mlango ukishafungwa.

Tuanzie Gogo. Mto Kuja unashuka kutoka milima ya Kisii, unapita Migori, unaingia ziwani. Pale Gogo kuna maporomoko, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wazungu wa mgodi wa shaba wa Macalder walijenga kituo cha kuzalisha stima hapo. Megawati 2. Leo hiyo ni kitu kidogo sana: watu 1,000 wakiwasha kettle za kilowati 2 kwa wakati mmoja, wameimaliza yote. Lakini wakati ule ilikuwa maajabu. Mashine zinazunguka usiku kucha Nyatike, zinavuta shaba kutoka chini ya ardhi, na nyumba zinazozunguka huo mgodi zinawasha koroboi.

Hiyo picha ndiyo ninataka uibebe. Stima ilizaliwa kwetu kabla ya hii miji yetu mingi kuona hata balbu moja. Na aliyeichora, aliyeipima, aliyetia sahihi kwamba mtambo uko salama, hakuwa wa hapa. Vijana wa hapa walichimba mtaro na kubeba mawe. Mgodi wenyewe ulifungwa katikati ya miaka ya 1960, lakini kituo cha Gogo kiko mpaka leo, sasa ni cha KenGen, na kwa miaka mingi kumekuwa na mipango ya kukipanua.

Miaka hiyohiyo, Nairobi kulikuwa na mambo. Mwaka 1956, Royal Technical College of East Africa ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Hapo ndipo University of Nairobi ilitoka. Serikali ya kikoloni iliitaka kwa ajili ya ufundi na biashara, na jamii ya Wahindi ilikuwa imechanga pesa za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi, mwishowe wakaunganisha nguvu. Makerere kule Uganda ilikuwa tayari, lakini Makerere haikufundisha uhandisi. Kwa hivyo Afrika Mashariki yote, ukitaka uhandisi, ulikuja Nairobi. Udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mtu wa Tarime, pale ng'ambo tu ya Isebania, alikuwa anasafiri hadi Nairobi kama tu mtu wa Migori. Dar walifungua kitivo chao cha uhandisi 1973.

Lakini Royal Technical College haikuanza ikitoa digrii yake. Mwanzoni iliandaa watu kwa mitihani na vyeti vya Uingereza. Mwaka 1961 ikawa Royal College, ikaingia uhusiano maalum na University of London, yaani unasoma Nairobi lakini digrii ni ya London. Baada ya hapo ikawa sehemu ya University of East Africa, na ni mwaka 1970 tu ndipo University of Nairobi ilisimama peke yake na kutoa digrii kwa jina lake. Kwa hivyo ukijiuliza sharti la kuwa injinia wa stima mwaka 1962 lilikuwa nini, sharti la kweli lilikuwa kukubalika na mtu aliyekaa London. Hesabu yako ilikuwa ile ile, Fizikia yako ile ile, lakini kalamu ilikuwa mbali.

Na kabla ya kalamu kulikuwa na kiti. Fikiria South Nyanza ya wakati huo, maana Migori na Homa Bay zilikuwa kitu kimoja, Migori ilikuja kukatwa miaka ya tisini mwanzoni. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Zenye maabara ya maana, chini ya hapo. Elimu yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu zao, Wahindi zao, Waafrika zao, na pesa ziligawanywa hivyohivyo. Hakuna fomu ya uhandisi iliyoandikwa "asiwe wa Nyatike". Haikuhitajika.

Hapa ndipo Homa Bay inaingia kwa hadithi kwa nguvu. Tom Mboya, familia yake ya Rusinga na yeye mwenyewe amelala huko, aliona kwamba viti Nairobi na Makerere havitoshi na havitatosha. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ikaruka kwenda Marekani. Kufikia 1963 walikuwa wamefika karibu 800 kutoka Afrika Mashariki. Kila mtu hapa anajua hiyo stori, iko kwa murali, iko kwa jina la chuo. Kitu ambacho hatusemi sana ni kwamba serikali ya kikoloni ilizitazama digrii za Marekani kwa dharau. Kipimo kilikuwa Uingereza. Unaenda miaka minne, unarudi na karatasi, unaambiwa karatasi yako si kama zingine. Shika hiyo pia, itarudi baadaye na mavazi mengine.

Upande wa pili Jaramogi alikuwa anapeleka vijana nchi za kikomunisti. Mwanawe Raila alienda Ujerumani Mashariki mwaka 1962, akasomea uhandisi wa mitambo Magdeburg, akarudi 1970 na kufundisha University of Nairobi. Si stima, najua, lakini nataka uone kitu: kwa kizazi kile, njia ya kuwa injinia kwa mtu wa Nyanza mara nyingi ilihitaji ndege, na ndege ilihitaji mtu wa kukujua. Sharti ambalo halijaandikwa.

Mwaka 1969 Kenya ilipitisha sheria ya kusajili wahandisi, ikaundwa bodi. Ukitazama tarehe unaona mantiki: 1969 bodi, 1970 chuo kikuu chetu wenyewe. Kalamu ilikuwa imerudi nyumbani. Swali lililobaki lilikuwa nani anafika mahali pa kutiwa sahihi.

Kwa mfumo wa zamani, ule wa 7-4-2-3, ulimaliza Form 4, ukapita, ukaenda Form 5 na 6, na hapo ndipo mchujo mkali ulikuwa. Shule zenye A-level ya sayansi zilikuwa chache sana. Waliokuwa kwa hizo shule walipata miaka miwili mizima ya Hesabu na Fizikia ya juu kabla ya kuona chuo. Wazee wetu wakianza kusema "siku zetu elimu ilikuwa elimu", mara nyingi wanamaanisha hiyo miaka miwili. Ni kweli ilikuwa noma. Ni kweli pia kwamba walioipata walikuwa wachache mno, na mzee anayekuambia hayo alikuwa mmoja wao.

Kisha ikaja kamati ya Mackay mwaka 1981, ikapendekeza chuo kikuu cha pili na mfumo mpya. Moi University ikaanzishwa 1984. Kule Juja chuo kilichoanza 1981 kwa msaada wa Japan kikakua polepole hadi kuwa JKUAT. Na 1985 ikaanza 8-4-4. Form 5 na 6 zikakufa, KCSE ya kwanza ikafanywa 1989, na mwaka 1990 hao watoto wakaingia chuo. Digrii za kawaida zikatoka miaka 3 zikawa 4, kwa sababu mtu hawezi kuondoa miaka miwili ya A-level halafu asilipe mahali. Uhandisi ndiyo ikawa hii miaka 5 tunayoijua. Ukisikia mtu analalamika ati miaka 5 ni mingi, mwambie sehemu yake ni deni la Form 5 na 6.

8-4-4 ilikuja na ahadi moja tamu sana kwetu sisi wa mashinani: ufundi. Kila shule itafundisha kazi ya mikono. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana, wakachanga, wakajenga. Nyingine ziligeuka stoo za mahindi, nyingine zikawa ofisi ya bursar. Kuna somo la KCSE linaitwa Electricity, namba 448, umewahi kukutana na mtu alilifanya? Mimi nimekutana na wachache sana. Lipo kwa orodha. Shule za kulifundisha ndizo hazipo.

Na mwanzoni mwa KCSE kulikuwa na kitu ambacho wengi wa umri wetu hawajasikia: shule zenye maabara zilifanya Fizikia na Kemia kama masomo mawili kamili, na nyingine zilifanya Physical Sciences, zote mbili zimefungwa pamoja. Kwa karatasi ilikuwa suluhisho la shule maskini. Kwa maisha, mtoto aliwekwa kwa daraja la pili akiwa Form 1, kwa sababu tu ya shule iliyo karibu na kwao.

Physical Sciences ikaja ikaondolewa. Lakini Fizikia ikabaki somo la kuchagua, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapotea mpaka leo. Kwa 8-4-4, ukifika Form 3 unaruhusiwa kuacha Fizikia. Unabaki na Biolojia na Kemia, maisha yanaendelea. Shule nyingi zilipenda watoto waiache, maana Fizikia ina sifa ya kushusha wastani wa shule, na wastani ndio unabandikwa getini. Shule za wasichana ndizo zilikuwa mbaya zaidi kwa hili. Shule niliyosoma mimi, ambayo siitaji, ilikuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia kwa darasa zote, na ameta zilizofanya kazi zilikuwa nne. Nne! Practical ya mkondo wa stima tulikuwa tunafanya kwa zamu, kundi la watu kumi wanatazama mmoja akisoma sindano. Halafu KCSE inakuja, kila mtu na meza yake, na sindano inatingika kwa sababu hujawahi kuigusa.

Uamuzi wa kuacha Fizikia unafanywa ukiwa na miaka 16, mara nyingi ndani ya wiki moja, kwa fomu ambayo mathe na mzee hawajaiona. Hakuna anayekuambia kwamba jioni hiyo umeacha pia uhandisi wa stima, wa mitambo, wa ujenzi, na kozi nyingine kibao. Wa Kanga na Asumbi wanaambiwa. Kule kwa shule ya kutwa yenye darasa nne na mti wa assembly, nani atamwambia?

Wakifika KUCCPS sasa, hesabu ni hii. Masomo manne ya klasta, kila moja lina alama 12, jumla 48. Kwa uhandisi ni Hesabu, Fizikia, Kemia na lingine. C+ ni mlango tu. Kwa vyuo vikubwa, Nairobi na JKUAT, alama za klasta za mtu wa mwisho kuingia uhandisi wa stima mara nyingi hupita 40. Kwa hivyo kuna sharti la kitabu, C+, na kuna sharti la foleni, ambalo linakaribia A. Watu husoma la kwanza, halafu la pili linawapiga wakiwa wamesimama.

Na kulikuwa na wakati pesa iliruka hiyo foleni. Mwaka 1998 University of Nairobi ilianzisha Module II, ile watu waliita parallel. Joint Admissions Board ilichukua wachache wenye alama za juu kabisa kwa bei ya serikali. Wengine waliofikisha kiwango cha chini wangeweza kuingia kozi zilezile wakilipa bei kamili. Sina chuki na waliopitia huko, wengi walisoma kwa bidii na leo ndio wanawasha hii nchi. Lakini fikiria wasee wawili wa Ndhiwa, wote wana B+. Mmoja mzee wake ana shamba la kuuza, akaenda kusoma uhandisi. Mwingine akaambiwa achukue ualimu. Fomu ilisema gredi. Shamba ndilo lilijibu.

Sasa turudi kwa kalamu, maana kuna kisa kinafaa kujulikana na kila mtu anayewaza hii kozi. Vyuo viliongezeka haraka miaka ya 2000, na kila chuo kilitaka kuwa na uhandisi. Karibu 2011 na 2012 wahitimu wa baadhi ya vyuo vya umma walienda kwa bodi kuandikishwa, bodi ikakataa. Ikasema kozi zao haikuzitambua. Hebu jiweke hapo. Umesoma miaka 5, chuo cha serikali, umewekwa na serikali, umelipiwa mkopo wa serikali, halafu taasisi nyingine ya serikali inakuambia huwezi kuwa injinia. Wahitimu zaidi ya 100 walienda kortini, Egerton ikiwa katikati ya kesi hiyo, wakapanda ngazi moja hadi nyingine, na Mahakama ya Juu ikaamua kwa faida yao mwaka 2018. Hesabu miaka. Mtu aliyehitimu akiwa na 24 alipata haki akiwa amekaribia au kupita 30.

Hapa ndipo ninaona ile dharau ya 1959 imerudi na mavazi mengine. Wakati ule ni Mwingereza akiangalia karatasi ya Marekani. Safari hii ni sisi kwa sisi. Lakini siwezi kuwa mjinga nikasema bodi haikuwa na hoja kabisa. Stima haina huruma. Mtu aliyesoma mashine za umeme bila kuona mashine ya umeme, ukimpa substation aisimamie, mtu atakufa. Bodi ilikuwa inauliza maswali ya kweli: maabara ziko wapi, walimu wamesajiliwa? Kosa, kwa maoni yangu, ni nani alilipishwa. Chuo kilifungua kozi, mkubwa wa chuo akaendelea na mshahara, na mtoto wa mkulima ndiye akabeba miaka ya hasara.

Sheria mpya ya wahandisi ya 2011 ilikuwa tayari imeipa bodi, sasa ikiitwa Engineers Board of Kenya, nguvu ya kukagua kozi. Halafu 2016 sheria ya vyuo vikuu ikarekebishwa, ikasema Commission for University Education ndiyo peke yake ya kuidhinisha kozi. Ndovu wawili. Kwa wewe nyasi, kitu cha kushika ni hiki: usiulize kama chuo kinatambulika, uliza kama kozi hiyo, kwa jina lake kamili, iko kwa orodha ya EBK. Chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi mbili za umeme na moja tu ndiyo iko. Na angalia neno la kwanza la digrii. Bachelor of Science au Bachelor of Engineering ni kitu kimoja, Bachelor of Technology ni kingine. BTech inakupeleka kwa bodi ya teknolojia ya uhandisi, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ni kazi ya heshima na ina soko, lakini kama ulitaka kuitwa injinia, utaona jina lako limeandikwa kwa daftari lingine.

Na ukishamaliza miaka 5 bado hujafika. Unaandikishwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi miaka isiyopungua 3 ukiangaliwa, unapimwa, ndipo unakuwa mhandisi mtaalamu. Kujiita "Eng." bila usajili ni kosa la kisheria. Nikiangalia mabango ya kampeni huku kwetu naona makosa mengi ya kisheria barabarani, lakini tuache hiyo.

Ndani ya hiyo miaka 5 kuna nini? Mwaka wa kwanza unashangaa, unaona ni Hesabu, Fizikia, Kemia, kuchora, na karakana. Wengi hulia hapa. Halafu saketi, elektroniki, mashine, sumaku na mawimbi, udhibiti, mawasiliano, na mifumo ya nguvu, yaani stima inatoka vipi kwa mtambo hadi kwa mita yako. Kuna miezi ya kwenda kufanya kazi kwa kampuni, na hapa tena sharti lisiloandikwa linatokea, kwa sababu nafasi nyingi ziko Nairobi na ni lazima uwe na kwa kulala. Mwaka wa mwisho unajenga mradi wako mwenyewe.

Wakati haya yote yanafanyika kwa karatasi, stima yenyewe ilikuwa inakuja kwetu polepole. Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianza 1973, lakini muulize dana yako kama aliuona. Mamlaka ya REA ilianza kazi 2007, ikaweka mbele shule za sekondari, zahanati na masoko. Sondu-Miriu, megawati 60, ikaanza kuzalisha mpakani mwa Homa Bay na Kisumu karibu wakati huohuo, na Sang'oro ikafuata 2012 ikitumia maji yaleyale yakishatoka kwa mtambo wa kwanza. Hiyo ndiyo aina ya akili ninayoipenda, maji hayatupwi. Mwaka 2015 Last Mile ikashusha bei ya kuunganishwa kutoka karibu shilingi 35,000 hadi 15,000. Kwa hivyo watu wengi wanaofanya KCSE Migori leo wamekua na transfoma nje ya geti. Ni kizazi cha kwanza kabisa. Wazazi wao walisoma sura ya umeme kwa koroboi, na sisemi hivyo kwa ushairi, ndivyo ilivyokuwa.

Transfoma nje ya geti haikupi mwalimu wa Fizikia, lakini inavunja kitu fulani kichwani. Mtoto anaona fundi wa kampuni ya umeme akipanda, anajua hiyo ni kazi ya mtu.

Na fundi huyo, kusema kweli, ndiye njia ya pili ambayo hatuisemi vya kutosha. Mawego kule Karachuonyo, Siala hapa Migori, ni taasisi za ufundi ziko mlangoni kwetu. Ukikosa klasta, unachukua diploma ya umeme, unapita vizuri, na vyuo vingi vinakubali diploma yenye credit kuingia digrii. Ni safari ndefu, ndiyo. Lakini aliyeipitia akifika mwaka wa pili wa digrii anajua waya kwa mkono, na wale wa A wanamfuata kwa karakana kama vifaranga. Pia kuna leseni za EPRA za mafundi, zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi na volti, na nimeona wenye leseni wakijenga nyumba Rongo kabla ya wenzao wa digrii kupata kazi. Sharti tu: usikubali mtu akuambie diploma ni ya walioshindwa. Hiyo dharau ni ya zamani, na imetunyima mafundi wengi.

Nimalizie na wa Gredi ya 10, pamoja na walio nyuma yao kwa Gredi ya 9, kwa sababu ninyi ndio mmebadilishiwa mlango. Shule ya senior ina mikondo mitatu: STEM, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Kila mtu ana masomo ya lazima, halafu matatu ya kuchagua. Aliye STEM anafanya Hesabu kamili. Aliye kwa mikondo mingine anaweza kufanya Hesabu nyepesi. Darasa la kwanza litafika chuo 2029. Ule uamuzi wa kuacha Fizikia uliokuwa unafanywa Form 3, sasa unafanywa mwisho wa Gredi ya 9, na mwenye kuufanya ana miaka 14 au 15.

Electricity iko pia kwa orodha ya masomo, upande wa ufundi wa STEM. Inavutia. Lakini ukiwa na macho ya digrii, kwa kila mfumo niliousimulia hapa, kutoka London hadi KUCCPS, Hesabu na Fizikia hazijawahi kutoka kwa sharti, na Kemia imekaa nazo karibu. Ukiacha Fizikia ili uchukue kitu kinachoitwa Electricity, unaweza kuwa umejifungia mlango ukidhani unaufungua.

Kwa hivyo kabla ya kujaza fomu, nenda kwa naibu wa mwalimu mkuu wa shule unayoitaka, na mzazi akiwepo ni bora, uulize: Fizikia inafundishwa na walimu wangapi? Maabara ya Fizikia ni ya Fizikia au ni chumba kimoja cha sayansi zote? Mwaka jana wangapi waliichagua, na wangapi waliambiwa waiache? Akianza kukuambia habari ya basi la shule na ukumbi mpya, muulize tena.